Ugonjwa wa Albamu za Kwanza

Kila mwenye kukusanya sahani za muziki ana ugonjwa wake. Kuna anayetafuta rumba peke yake, kuna asiyegusa sahani mpaka ajue imechapwa Nairobi, na namjua mzee mmoja huku Mkomani, Lamu, ambaye hanunui kitu ila jalada liwe na picha ya mwanamke. Muziki wenyewe ni majaaliwa. Mimi ugonjwa wangu ni albamu za kwanza. Nikimpenda msanii siridhiki mpaka niipate ile aliyoitoa akiwa bado hajulikani, hata kama ya tatu au ya nne ndiyo iliyomjengea nyumba.

Si kwamba za kwanza ndizo bora. Nyingi si bora hata kidogo. Ninachokipenda ni ile dhiki: saa za studio ni za kuazima, pesa haitoshi, sauti imechoka na nafasi ya kurudia haipo. Ukitega sikio unaisikia. Albamu ya tano ya mtu tajiri haina dhiki, ina kiyoyozi.

Sahani zangu za mwanzo nilizirithi kwa ami yangu, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Kilindini, na mshahara ukitoka hupitia duka la sahani la Assanand. Pale hawakuuza sahani za watu tu. Walikuwa na chapa yao wenyewe, Mzuri, na sehemu kubwa ya taarabu ya Mombasa ya miaka ya 1960 na 1970 ilipita mikononi mwao. Nyingine nimezitoa Malindi. Mtaliano wa Malindi akizeeka akaamua kurudi kwao, huuza nyumba na kila kilichomo, na mle ndani hakukosekani kasha la santuri. Ndivyo nilivyoipata albamu ya kwanza ya Lucio Battisti, ya 1969. Kiitaliano changu ni cha kuuzia samaki, lakini yule bwana nilimwelewa bila mkalimani.

Kuzileta Lamu ni kazi nyingine. Ni basi mpaka Mokowe, kisha boti. Kwenye boti kasha la sahani haliwekwi chini, maana chini kuna maji. Unalipakata mapajani umelifunika kanga, na abiria wanakuuliza keki hiyo ni ya arusi ya nani. Ukifika nyumbani, chumvi na unyevu vinakungoja. Kusi ikishika, majalada yanagandana na kuvu inaota ndani ya mifereji ya sahani, vidoa vyeupe vidogo ambavyo sindano ikivipitia utadhani kuna mtu anakaanga bajia chumba cha pili. Dawa yake ni maji ya mvua, si ya kisima, maana ya kisima yanaacha chumvi yake. Tone la sabuni, kitambaa laini, unapangusa kwa kufuata mzunguko, ile karatasi ya katikati usiilowanishe, kisha unaianika kivulini. Jua la saa sita likiipata hata kwa muda mfupi, inapinda na haikunjuki tena.

Na pa kuziweka? Nyumba yetu ni ya kale, ukuta wa ndani una zidaka. Waliozijenga walifikiria vyombo vya China na misahafu, LP, ile sahani kubwa ya albamu, haikuwamo katika hesabu zao. Sahani ndogo za 45 zinaingia utasema zilipimiwa: humo wamo Les Wanyika na 'Sina Makosa' yao, wimbo uliowapa jina baada ya kujitenga na Simba Wanyika mwaka 1978. LP haiingii, inatokeza nje. Hizo ziko sandukuni, zimesimama wima.

Niwaanze Waingereza, maana kisa chao kinajulikana na bado hakinichoshi. Tarehe 11 Februari 1963 vijana wanne wa Liverpool, Beatles, waliingia studio za EMI pale Abbey Road asubuhi, na walipotoka usiku nyimbo 10 kati ya 14 za Please Please Me zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Siku moja! Siku hizi siku moja mtu huimaliza akitafuta mlio wa ngoma. John Lennon alikuwa na mafua, kutwa anamung'unya vidonge vya koo, kwa hiyo wimbo wa kupiga kelele, 'Twist and Shout', waliuacha wa mwisho kwa kujua kwamba ukishaimbwa hakuna sauti itakayobaki. Nakala yangu ina mkwaruzo mwanzoni mwa wimbo huo. Sindano inaruka, halafu inaingia ile sauti iliyochanika. Bimkubwa hutoka jikoni kuuliza ni nani wanaogombana.

Queen nao ninawaweka karibu kwa ajili ya ujirani. Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja mwaka 1946, akaondoka na wazazi wake mwaka 1964, na albamu ya kwanza ya bendi yake ikatoka Julai 1973 akiwa ameshajiita Freddie Mercury. Studio ya Trident, London, iliwapa zile saa ambazo hakuna mteja wa kuzilipia, usiku wa manane mara nyingi. Nyuma ya jalada wakaandika kwa majivuno kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza, na jina la mpiga besi wao, John Deacon, likapinduliwa likawa Deacon John. Kwa kweli upande wa pili umejaa mambo mengi kuliko unavyoweza kubeba. Lakini mwishoni kabisa kuna kipande kifupi kisicho na maneno, 'Seven Seas of Rhye', wimbo ambao ulikuwa haujakwisha, nao wakautia hivyo hivyo. Ulikuja kukamilika kwenye albamu ya pili. Ndugu zetu wa Zanzibar wanamdai Freddie kama mtu anayedai deni, ila ukiwauliza albamu yake ya kwanza ni ipi wanakujibu 'Bohemian Rhapsody', ambayo si albamu na ilitoka 1975.

UB40 huku pwani kila mtu anawajua, lakini wanawajua kwa zile nyimbo za mapenzi walizoziazima kwa wengine. Signing Off, ya 1980, ni kitu kingine. Jalada lake ni fomu ya serikali ya Uingereza ya kudai posho ya wasio na kazi, na jina la bendi limetoka kwenye namba ya fomu hiyo hiyo. Sehemu kubwa waliirekodi Birmingham katika chumba alichokuwa akiishi mtayarishaji wao, Bob Lamb. Wimbo wa kwanza, 'Tyler', unamhusu Gary Tyler, kijana mweusi aliyehukumiwa Louisiana mwaka 1975 na baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Wazungu. Alitoka gerezani mwaka 2016. Sahani hiyo imezunguka kwenye mashine za watu miaka thelathini na sita, mwenyewe yumo ndani. Albamu hii ilitoka na sahani ya ziada yenye nyimbo tatu, ila nakala yangu ya Malindi ilikuja bila hiyo ya ziada. Aliyeichukua namwombea heri, lakini si nyingi.

Ile nisiyomwazimisha mtu ni ya Tracy Chapman, ya 1988. Jalada la rangi ya udongo, uso umeinama, jina lake tu. Siku niliyoipiga mara ya kwanza madirisha yakiwa wazi, jirani alisimama chini akaniuliza, "Mwanangu, huyo kijana wa watu ana shida gani?" Nikamwambia ni mwanamke. Hakusadiki mpaka nikamshushia jalada, na alipoliona akazidi kutosadiki.

Tracy alikuwa akiimba mitaani karibu na Boston alipokuwa mwanafunzi. Albamu ilitoka Aprili, na tarehe 11 Juni mwaka huo huo akawa Wembley, kwenye tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Nelson Mandela, Mandela mwenyewe akiwa bado kifungoni. Alikuwa ameshaimba sehemu yake mchana. Kisha Stevie Wonder akakuta mitambo yake haina kifaa kilichobeba milio yake yote, hakuweza kupanda, na jukwaa likawa tupu mbele ya uwanja uliojaa na runinga za dunia nzima. Wakamsukuma tena yule binti na gitaa lake. Akaimba 'Fast Car' peke yake. Nimeitazama video mara nyingi, na kinachonishika ni kwamba hana haraka. Uwanja mzima unapiga soga, yeye anaanza kwa sauti ile ile angeianza kituo cha treni, na soga zinakufa zenyewe.

Lakini wimbo ninaourudia si huo. Ni wa nne, 'Behind the Wall', ambao hauna ala hata moja, ni koo tupu. Anaeleza ugomvi anaousikia usiku ng'ambo ya ukuta, mwanamke anapiga mayowe, na polisi wakija huwa wamechelewa. Nyumba zetu hapa mjini zina kuta nene za matumbawe, lakini vichochoro ni vyembamba na madirisha yanatazamana. Kila mtu anasikia kila kitu, na asubuhi barazani hakuna aliyesikia lolote. Nilipoufahamu wimbo ule vizuri niliinuka nikapunguza sauti, sijui kwa nini, au najua. Wimbo unaofuata ni 'Baby Can I Hold You', ule ambao redio hupiga kwa wapendanao, na wengi huuchukulia kuwa wa kubembeleza tu. Usikilize kwa mpangilio wa sahani: mwanamke anapigwa nyuma ya ukuta, kisha linakuja neno la kuomba radhi ambalo mtu hawezi kulitamka. Kama walipanga au haikupangwa, nyimbo ukizisikiliza moja moja kwenye simu hilo hulipati.

Stima ikipotea katikati, sahani haikatiki ghafla. Inapunguza mwendo, sauti ya Tracy inazidi kushuka, na hapo jirani yangu kidogo anapata haki yake.

Diamond Life ya Sade, ya 1984, nayo ni ya kwanza, na ni nzuri mno kwa ladha yangu. Haina kovu. Naipiga wageni wakija.

Nikirudi nyumbani kwetu pwani, hesabu yote inavurugika, kwa kuwa huku ya kwanza haiji kwanza. Siti binti Saad alipopanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa His Master's Voice, alikuwa ameshaimba miaka na miaka, na wimbo unaotaka kupumua na kutunzwa pesa na wasikilizaji ukabanwa kwenye dakika tatu hivi za upande mmoja wa sahani. Bi Kidude, maisha yake yote kaimba, lakini albamu yenye jina lake peke yake ilimkuta ni bibi kizee. Na Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa hapa Lamu, aliyeyapigia udi, ile ala ya nyuzi, mashairi ya Sheikh Ahmed Nabhany: ile Mtindo wa Mombasa ya Globestyle ya London ilitoka 1990, wakati tayari alikuwa amewaimbia wazazi arusi zao na sasa anawaimbia watoto wao. Kwa wazungu alikuwa mgeni, wakamwandika kama ugunduzi. Mle ndani hakuna dhiki ninayoisema. Udi unaingia, unatembea, unarudi, na mwimbaji bado hajafungua mdomo. Ni albamu ya kwanza ya mtu aliyekwisha kujua kila kitu.

Kwa hiyo dhiki yetu niliitafuta kwingine nikaikuta kwenye kanda za arusi. Tunayo moja ya dakika 90, karatasi yake imeshatoka, redio kaseti iliwekwa karibu na spika na ukisikiliza unajua hasa iliwekwa wapi. Mtoto analia, vigelegele vinafunika ubeti mzima, mtu anaitwa jina kwa sababu ametunza, na wimbo mzuri kuliko wote unakatika kwa kuwa upande umekwisha. Ulipogeuzwa, walikuwa wameshaingia wimbo mwingine.

Haya nilimweleza rafiki yangu nahodha, ambaye kwake yeye muziki ni rege na mengine ni kelele. Tulikuwa tukibishana juu ya Wailers, bendi ya Bob Marley. Mimi naihesabu ya kwanza Catch a Fire, ya 1973, ile iliyotoka awali na jalada la umbo la kiberiti cha chuma kinachofunguka juu, na Chris Blackwell, mwenye kampuni iliyoitoa, akamtia mpiga gitaa wa Alabama, Wayne Perkins, ili iwaingie Wazungu masikioni. Yeye anasema ya kwanza ni The Wailing Wailers ya Studio One, ya 1965. Nikamwambia ile ni nyimbo za sahani ndogo zilizokusanywa tu, na albamu ni ile iliyokusudiwa kuwa albamu.

"Basi kanda yenu ya arusi, yakhe, ilikusudiwa na nani?"

Sijamjibu bado. Kesho anatweka kwenda Kizingitini, na ameiazima kwangu Catch a Fire, ilhali jahazini kwake hakuna hata pa kuchomeka simu.