Tunasoma Nini Katika Homoni za Utumbo Baada ya Upasuaji wa Moyo

Katika saa za kwanza baada ya upasuaji wa moyo, karibu kila kifaa kilicho kando ya kitanda hufuatilia moyo, mapafu au figo, ilhali utumbo hauna skrini yake. Mgonjwa bado yuko chini ya dawa za usingizi na za maumivu, hawezi kusema kwamba tumbo linamuuma, na ukimya wa tumbo lenyewe hauelezi mengi kwa kuwa matumbo ya wagonjwa wengi huzubaa kwa muda baada ya operesheni kubwa. Laktati, asidi inayozalishwa kwa wingi seli zinapokosa oksijeni, hupanda katika damu, lakini inaweza kupandishwa pia na adrenalini aliyopewa mgonjwa ili kuinua shinikizo la damu, na hata inapopanda kwa sababu ya utumbo, mara nyingi huwa imechelewa. Utumbo kukosa damu kiasi cha tishu kufa ni jambo la nadra baada ya upasuaji huu, lakini wengi wa wanaopatwa nalo hufariki. Ndiyo sababu nimekuwa nikifuatilia kwa hamu wazo la kutumia homoni za utumbo, hasa GLP-1, kama dalili ya mapema kwamba ukuta wa utumbo umeanza kuvuja. Nalipenda wazo hilo, ila naona kwamba mara nyingi huelezwa kana kwamba homoni hiyo inapima ukubwa wa jeraha, jambo ambalo haifanyi.

Utumbo huumia kwa namna inayoeleweka vizuri. Mwili unapopumzika, kati ya sehemu moja ya tano na robo ya damu inayosukumwa na moyo huenda kwenye utumbo, ini na viungo jirani, na mwili unapobanwa, hapo ndipo unapopunguza mgawo mapema. Mashine ya moyo na mapafu, ambayo John Gibbon aliitumia kwa mafanikio kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1953, husukuma damu iliyochanganywa na maji ya dripu, kwa kawaida bila mapigo ya asili, huku dawa za kubana mishipa zikiongeza ukata huo. Utando wa ndani wa utumbo mwembamba una vijidole vidogo, na ndani ya kila kijidole mshipa unaopeleka damu hupita karibu sana na ule unaoirudisha, hivyo oksijeni huvuka kutoka mmoja hadi mwingine kabla ya kufika kileleni. Seli za kilele huishi pembezoni mwa njaa hata siku ya kawaida. Damu ikipungua, hizo ndizo huanza kubanduka, na damu inaporejea kwa nguvu baada ya koleo linalobana aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, kufunguliwa, jeraha linaweza kuongezeka badala ya kupungua. Ukuta ukiwa na mianya, endotoksini, yaani vipande vya ngozi ya nje ya baadhi ya bakteria wa utumbo, hupata njia ya kuingia kwenye damu.

Hapa ndipo GLP-1 inapoingia. Hutolewa na seli L, ambazo zimejaa zaidi sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na katika utumbo mpana, na wengi wanaijua kama homoni inayohimiza insulini baada ya mlo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa panya, endotoksini huzichochea seli hizo kupitia kipokezi kiitwacho TLR4, na kwamba ukuta wa utumbo unapojeruhiwa, GLP-1 hupanda haraka, kabla ya dalili za kinga kuonekana katika damu ya mwili mzima. Kwa daktari anayehofia utumbo wa mgonjwa asiyeweza kuzungumza, kutangulia huko ndiko kwenye thamani.

Lakini tofautisha habari hiyo na ile inayoletwa na I-FABP, protini ndogo inayobeba asidi za mafuta ndani ya seli za utando. Seli ikipasuka, protini hiyo humwagika kwenye damu, kisha figo huiondoa upesi. Kwa hiyo ni masalia ya seli iliyokwisha kuharibika. GLP-1, kinyume chake, ni jibu la seli iliyo hai na inayofanya kazi. Kipande cha utumbo kilichokwisha kufa hakiwezi kutoa homoni, na kwa sababu hiyo mimi nisingethubutu kusoma kiwango kinachoshuka kuwa ni ishara ya nafuu bila kuangalia kitu kingine. Isitoshe, I-FABP hutoka zaidi katika utumbo mwembamba, ilhali seli L zimesongamana chini zaidi, kwa hiyo vipimo hivi viwili vinaweza kutofautiana bila kimojawapo kuwa na kosa. (Zonulini, inayopendwa sana na wauzaji wa vipimo vya utumbo unaovuja, naiacha nje kwa makusudi, kwani baadhi ya vifaa vyake vimegundulika kupima protini nyingine.)

Kuna vurugu nyingine pia. Interleukini-6, protini ya kinga ya mwili ambayo hupanda baada ya upasuaji wowote mkubwa, nayo huchochea GLP-1, hata kwa mgonjwa ambaye utumbo wake haujadhurika sana. Chakula kinachopitishwa kwenye mrija wa pua hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana sampuli zilizochukuliwa wakati mgonjwa bado hajalishwa husomeka kwa urahisi zaidi. GLP-1 hai hudumu kwenye damu kwa takriban dakika 2 tu, kwa kuwa kimeng'enya DPP-4 huikata. Mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa za kuzuia kimeng'enya hicho atakuwa na kiwango cha homoni hai kisichofanana na cha mwenzake. Kwa hiyo ni lazima maabara iseme kama imepima homoni hai peke yake au jumla pamoja na mabaki yake, na mrija wa damu uwekwe kwenye barafu ukiwa na kizuizi cha DPP-4 tangu damu inapotoka mkononi.

Kwa maoni yangu, namba moja iliyochukuliwa asubuhi ya pili haina faida kubwa. Ningetaka sampuli kabla ya ngozi kukatwa, nyingine muda mfupi baada ya koleo la aota kuondolewa, na nyingine saa chache baadaye, zote zikiwa na I-FABP pembeni, ili kila mgonjwa alinganishwe na yeye mwenyewe. Ningeongeza pia GLP-2, ambayo hutoka katika seli zilezile pamoja na GLP-1 lakini hudumu muda mrefu kidogo zaidi, na ambayo kazi yake ni kukuza utando wa utumbo. Dawa inayoiiga, teduglutaidi, tayari hutumika kwa watu waliobakiwa na utumbo mfupi.