Nilivyochagua maganda na baruti ya .45-70

Risasi za bunduki yangu ya .45-70 najijazia mwenyewe, na kabla ya kununua chochote nilijiuliza kwanza inahimili presha gani baruti inapolipuka. Risasi ya .45-70 ni ya mwaka 1873, na jina lenyewe linataja kipenyo cha inchi 0.45 na greini 70 (greini ni kizio kidogo cha uzito) za baruti nyeusi. Imetumika katika silaha za nguvu tofauti sana, ndiyo maana vitabu vya vipimo vya baruti huigawa ngazi tatu: Springfield za kale, bunduki za kukoki kwa wenzo kama Marlin 1895, na zile imara kama Ruger No. 1. Kipimo cha ngazi ya tatu kinaweza kupasua Springfield. Yangu ni ya wenzo, kwa hiyo nasoma ukurasa wa katikati tu.

Maganda nilichukua ya kampuni ya Starline, yote ya toleo moja. Ya kuokota, yenye chapa mchanganyiko kitakoni, hutofautiana unene. Ganda nene lina nafasi ndogo ndani, na baruti ileile hupandisha presha. Urefu nao lazima ulingane, usizidi inchi 2.105. Ganda lililonyooka hupanuliwa mdomo ili lipokee kichwa cha risasi, kisha mdomo hubanwa. Yakipishana urefu, moja litabana sana na jingine halitashika, na ndani ya magazini ya bomba kichwa kisichoshikwa husukumwa kikazama.

Baruti ndiyo iliyonichukua muda. Ganda hili lilitengenezwa limeze baruti nyeusi nyingi. Ukitia baruti isiyo na moshi ya kuwaka haraka, kidogo tu inatosha. Nafasi kubwa hubaki tupu, na ukijaza mara mbili kwa bahati mbaya, inaingia yote bila kuonekana. Hilo sikulitaka hata kidogo. Nikachagua IMR 3031, baruti isiyo na moshi inayowaka polepole zaidi, ambayo kwa kipimo cha wenzo hujaza ganda vizuri. Ukirudia, itamwagika mezani. Tatizo lake ni punje ndefu: hukwama kwenye kipimio (chombo cha kumimina baruti), wakati mwingine unasikia zinakatika. Kwa hiyo napima kila moja kwa mizani, halafu namulika tochi kwenye trei nzima kabla ya kuweka vichwa.

Nilianza na kipimo cha chini kabisa kitabuni, nikapanda taratibu huku nikikagua fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) kuona dalili za presha kuzidi. Matundu kwenye shabaha yalikaribiana zaidi mapema, chini ya kiwango cha juu, nami nikaishia hapo.