Godoro lilikuwa bado kwenye nailoni

Mara ya kwanza hakimu alipoagiza ustawi wa jamii wapeleke taarifa ya uchunguzi kwenye kesi ya talaka, kuhusu mtoto akae na mzazi yupi, mkubwa wangu wa kazi alinielekeza hivi: "Nenda kaone nyumba, hesabu vyumba, andika." Sijawahi kupewa ushauri mbovu kama huo, na niliufuata neno kwa neno.

Nilimpigia baba simu, tukapanga Jumamosi saa nne. Nikakuta sakafu inanukia dawa, madaftari yamepangwa mezani, kitanda cha mtoto kina shuka la katuni. Nikaandika "mazingira mazuri". Nikiwa mlangoni naaga, mtoto wa miaka 6 akamvuta baba yake shati: "Choo kiko wapi?" Nikarudi chumbani, nikakalia kile kitanda. Kikalia kwaru kwaru. Nailoni ya dukani ilikuwa bado chini ya shuka.

Siku hizi naenda mara mbili: kwanza kwa miadi, kisha bila taarifa, siku ya shule, kuanzia saa kumi na moja jioni. Hapo unaona nani anapika na nani hajarudi. Na sizunguki peke yangu, namwomba mtoto anitembeze. Anayeishi pale anakuonyesha mswaki wake, ndoo ya kuogea, na swichi ambayo haiguswi. Asiyeishi pale anamtazama mtu mzima kabla ya kufungua mlango. Kuna chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati, kilichonipa taarifa nzuri kuliko nyumba ya vyumba vinne.

Mtoto naongea naye peke yake, ndugu mmoja mmoja. Siku moja aletwe na mama, siku nyingine na baba, maana maneno hubadilika kulingana na aliyemleta. "Unampenda nani zaidi?" ni swali la kikatili, na jibu lake halina maana. Mimi huuliza: ukiumwa usiku unamwamsha nani? Jana nani alikupa chakula? Mtoto wa darasa la kwanza akisema "mama hana uwezo wa kunilea", hayo ni maneno ya mtu mzima. Dada yake akirudia sentensi ileile, waliyakariri pamoja.

Majirani nawasikiliza kwa tahadhari. Wa kwanza kunikimbilia mara nyingi ni shangazi, na yeye ana upande wake. Mwalimu wa darasa ndiye hazina. Daftari la mahudhurio halina upande, na yeye anajua nani huja kwenye kikao cha wazazi. Kadi ya kliniki nayo omba uione.

Wengi hukwama kwenye umri. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo inapingika, na mahakama inatakiwa pia kuangalia madhara ya kumhamisha-hamisha mtoto. Kwa hiyo usiandike "ana miaka 5, apewe mama" ukafunga faili. Andika amekaa wapi, miezi mingapi, na nani alimhamisha.

Taarifa naigawa: niliyoyaona, niliyoambiwa na nani, kisha maoni yangu. Ukichanganya, wakili atakuchana mbele ya wote. Mimi niliulizwa nilikaa dakika ngapi kwenye nyumba ile, nikabaki natazama dari. Tangu hapo naandika saa ya kuingia na ya kutoka. Hakimu hafungwi na ushauri wako, ila ataupima kwa mambo kama hayo.

Nauli ya bodaboda ni elfu tano, sita hivi kwenda na kurudi, na ofisini haipatikani kila mara. Mzazi mmoja akijitolea kukupeleka na gari lake, kataa hata kama mvua inanyesha, kwa sababu mwenzake atajua kabla hujashuka. Soda nakataa kote, maji nakunywa kote.