"Lazima" Imegeuka "Ukipenda"

Mama mmoja kutoka Fizi, mashariki mwa Kongo, alinigongea mlango saa mbili usiku akiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Nyuma yake alisimama binti yake wa miaka 11, bado na sare ya shule. "Dada, mutoto alisema ni tumbo," akaniambia. "Hii karatasi inasema nini?"

Karatasi haikusema tumbo. Ilisema kuna uvimbe kwenye kizazi, na kwamba siku ya Alhamisi wangekata kinyama kidogo wakipime kama ni saratani. Mtoto alikuwa ameambiwa hayo yote kwa Kiingereza, ayapeleke kwa mama yake kwa Kiswahili. Neno kizazi halijui. Atalijuaje? Alikuja Marekani akiwa na miaka minne. Akachukua neno lililo karibu, mama akaitikia kwa kichwa, na daktari akaandika kwamba mgonjwa ameelewa.

Mama ameniruhusu kuandika, na nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Hospitali siitaji. Ninachotaka kueleza ni njia iliyotufikisha hapo, kwa sababu ilianzia kwenye meza ya Rais.

Mimi ni mzaliwa wa Ujiji, Kigoma. Nimelelewa kwa Kiswahili na Kiha, na Kiswahili cha Kongo nilikiokota sokoni, kwa watu waliovuka ziwa kutoka Uvira, Baraka na Kalemie. Hapa Louisville, Kentucky, huu ni mwaka wangu wa kumi na nne wa ukalimani: hospitali, shule, mahakama, ofisi za misaada. Mkongomani akikwambia "siko nasikia Kingereza," hana shida ya masikio. Kusikia, kwake, ni kuelewa. Nimewahi kukuta faili la mzee mmoja aliyekuwa amepangiwa kupimwa masikio kwa sababu mkalimani wa kwenye simu alitafsiri neno lile kama lilivyo. Ndiyo maana kazi hii naichukulia kwa uzito. Neno moja linampeleka mtu kwenye chumba kisicho chake.

Kazi yangu ilisimama juu ya karatasi moja. Tarehe 11 Agosti 2000, Rais Bill Clinton alitia saini amri namba 13166. Haikuwa sheria ya Bunge. Yalikuwa maagizo ya Rais kwa wizara na idara zake: kila moja ipange jinsi ya kumhudumia mtu asiyejua Kiingereza vizuri, na imweleze kila anayepokea fedha za serikali kuu kwamba naye ana wajibu huohuo. Na hospitali gani hapa haipokei fedha hizo? Shule gani? Marais walipishana na amri ikabaki, karibu miaka 25. Wengi wetu tulifika tukaikuta, tukadhani ni sehemu ya nchi kama barabara.

Tarehe 1 Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri namba 14224, ikaitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani. Nchi hii haikuwahi kuwa na lugha rasmi tangu izaliwe. Simu yangu haikulala usiku ule. Watu waliuliza kama Kiswahili kimepigwa marufuku, kama wachungaji bado wanaweza kuhubiri kwa Kiswahili, kama mtoto ataadhibiwa akimwita mwenzake kwa lugha ya nyumbani. Nikakaa mezani na chai nikaisoma amri yote, mstari kwa mstari, kama ninavyosoma hati ya mahakama kabla ya kuapa.

Haikupiga chochote marufuku. Inasema wazi kwamba idara hazilazimiki kuacha huduma wanazotoa kwa lugha nyingine; wakuu wao waamue wenyewe. Lakini amri hiyohiyo imefuta ile ya Clinton. Na mkalimani yeyote anajua umbali uliopo kati ya "lazima" na "ukipenda". Bajeti inapobana, cha "ukipenda" ndicho kinachokatwa kwanza. Mwezi Julai Mwanasheria Mkuu alitoa mwongozo wa kuitekeleza, na mwongozo wa zamani ukaondolewa. Mwezi Agosti Wizara ya Elimu nayo ikafuta waraka wake wa mwaka 2015 uliozieleza shule wajibu wao kwa watoto wanaojifunza Kiingereza. Wizara yenyewe, kumbukeni, ina amri yake ya tarehe 20 Machi 2025 inayomtaka waziri aanze kuifunga, ingawa iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1979 na Bunge peke yake ndilo linaloweza kuifuta.

Na hapa naomba msomaji asinipite haraka, maana ndipo watu wetu wanapopoteza haki wakiwa bado wanazo. Amri ya rais haiwezi kufuta sheria. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, Sura ya Sita, bado ipo. Inakataza anayepokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya rangi, asili au taifa alikotoka. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu iliitumia kuwatetea watoto wa Kichina wa San Francisco waliokuwa wamekalishwa darasani bila kuelewa wanachofundishwa. Na sheria ya bima ya afya ya 2010, kifungu cha 1557, kwa kanuni zake, haimruhusu daktari kumtegemea mtoto mdogo kama mkalimani, isipokuwa kwenye dharura. Yule binti wa miaka 11 hakupaswa kubebeshwa mzigo ule.

Tatizo ni nani atakayekwenda kuilalamikia hospitali. Alabama iliandika kwenye katiba yake mwaka 1990 kwamba Kiingereza ni lugha rasmi, kisha mtihani wa leseni ya udereva ukawa wa Kiingereza tu. Mwanamke mmoja, Martha Sandoval, akashtaki, akashinda mahakama za chini. Aprili 2001 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba mtu binafsi hawezi kushtaki kwa kutumia kanuni za Sura ya Sita zinazokataza utaratibu ambao haumtaji mtu kwa jina la kabila lake lakini matokeo yake yanamfungia mlango. Kusimamia kanuni hizo kukabaki kazi ya serikali yenyewe. Sasa, tarehe 23 Aprili 2025, amri namba 14281 imeziagiza idara za serikali zisiupe kipaumbele utekelezaji wa kanuni za aina hiyo. Mlinzi alikuwa mmoja tu, naye ameambiwa asishughulike.

Siku hiyohiyo ilitiwa saini amri nyingine ambayo naipongeza kwa moyo wangu wote. Inalenga kufikisha wanagenzi wapya zaidi ya milioni 1 kila mwaka kwenye mafunzo ya ufundi wa kazini. Vijana wetu wengi wanamaliza sekondari wakiwa na mikono mizuri na Kiingereza cha kutosha, ila chuo kikuu hawakiwezi wala hawakitaki. Umeme, mabomba, kuchomelea: waende. Ningependa tu vipeperushi vyake viwafikie wazazi kwa lugha wanayoisikia, kwa maana ya Kikongo.

Jumamosi asubuhi nina darasa kwenye chumba cha chini cha kanisa. Ni madereva wa semi. Sheria ya zamani inataka dereva wa lori ajue Kiingereza cha kuzungumza na watu, kusoma alama na kumjibu askari. Tangu 2016 aliyeshindwa aliandikiwa kosa lakini hakuondolewa barabarani. Amri ya tarehe 28 Aprili 2025 iliugeuza utaratibu huo, na kuanzia 25 Juni anayeshindwa anasimamishwa palepale, lori na mzigo wake. Kwenye mahojiano haruhusiwi mkalimani, simu wala kadi.

Nimelifikiria sana hili. Dereva anayevuta tani za mzigo lazima aweze kusoma kwamba daraja la mbele limefungwa. Siwezi kubisha, hata mimi naendesha watoto kwenye barabara ileile. Ila kaka mmoja wa darasa langu amepita barabara kuu ya I-65 kwa miaka tisa bila ajali. Alama zote anazijua. Ninapojifanya askari wa mizani na kumwuliza haraka, kwa lafudhi ya Kentucky, umetoka wapi, umebeba nini, ulimi unamganda. Wiki ya kwanza jasho lilimtoka. Sasa tunaanza na maswali kumi, namwuliza nikiwa nimempa mgongo, asione midomo yangu. Juzi alijibu nane.

Dada yake mkubwa yuko Nyarugusu, kule kwetu Kasulu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa 1996. Alikuwa amepimwa afya ili aje Marekani, ameuza masufuria na magodoro. Amri ya tarehe 20 Januari 2025 ikasimamisha mapokezi ya wakimbizi kuanzia tarehe 27. Mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Kongo ndiyo iliyoongoza. Kwa mwaka wa 2026 kikomo kilichotangazwa Oktoba 2025 kilikuwa 7,500, na waliopewa kipaumbele ni Waafrikana, yaani Wazungu wa Afrika Kusini wanaozungumza Kiafrikana. Yeye amenunua tena masufuria.

Alhamisi nilikwenda na yule mama. Sikulipwa na sikuomba. Nilimwambia mtu wa mapokezi kwamba mgonjwa huyu ana haki ya mkalimani kwa sheria, si kwa hisani, naye akaenda kuuliza ndani. Binti alikuwa shuleni, alikotakiwa kuwa.

Nimechapisha kadi 200. Upande mmoja zinasema kwa Kiswahili, "Ninaomba mkalimani wa Kiswahili. Tafadhali msimtumie mtoto wangu." Upande wa pili maneno hayohayo kwa Kiingereza, na namba ya sheria chini yake. Nimeziacha kwenye duka linalouza sombe na ndagala, yaani kisamvu na dagaa, karibu na mashine ya kulipia. Zimebaki 12, nitaongeza nyingine wiki hii.