Udi Usitangulie: Kuondoa Moshi wa Mioto ya Bara Katika Nyumba za Lamu

Kaskazi inapokaribia kukatika, nyasi za bara yetu huwa zimekauka hata cheche moja yatosha kuziwasha, na huo ndio wakati ambapo wakulima huchoma vichaka ili masika yawakute mashamba yako tayari. Moto wa shamba moja hauna neno, kwani moshi wake hupanda ukapotea. Lakini moto ukimponyoka mwenyewe ukaingia msituni, huwaka usiku na mchana, na usiku upepo ukivuma kutoka nchi kavu kuelekea baharini, moshi huvuka maji ukatushukia sisi wa mji wa Lamu, kisiwani, tukiwa tumelala na madirisha wazi kwa sababu ya joto. Asubuhi ukipitisha kidole juu ya mkono wa kiti cha enzi, kile kiti chetu cha kale cha heshima, kidole kinatoka cheusi. Moto huzimika, lakini harufu hubaki ndani kwa wiki nyingi, na adhuhuri jua likichoma kuta huchomoza upya hata katika chumba kilichokwisha kufagiliwa na kupigwa deki.

Harufu hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu jambo la kwanza ambalo wengi wetu hulikimbilia ni chetezo cha kufukizia udi. Shangazi yangu alikuwa amekwisha kupuliza makaa nilipomwomba angoje.

"Mwanangu, nyumba yanuka moto. Wageni wakija watasema nini?"

"Udi tutauwasha, shangazi. Lakini tuutoe moshi huu kwanza, maana udi nao ni moshi."

Alikubali kwa shingo upande, nami sikumlaumu, kwa kuwa nyumba isiyofukizwa kwetu ni kama haijakamilika. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba katika jambo hili mazoea yetu mazuri yanatudhuru, hasa wale wenye pumu, watoto wachanga na wazee. Moshi wa kichaka una chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya mikromita 2.5, ilhali unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 70 hivi. Chembe za namna hiyo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, mwaka 2021, lilishusha kiwango linachokipendekeza hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa mwaka mzima, na 15 kwa wastani wa saa 24. Udi na ubani unaoungua juu ya makaa hutoa chembe za jinsi hiyo hiyo. Anayefukiza chumba kilichojaa moshi wa msitu, basi, ameongeza moshi juu ya moshi, na pua ikishazoea manukato hudhani kazi imekwisha.

Kinachonuka hasa ni gesi zinazotoka kwenye mti unapoungua, nazo hazielei hewani tu zikingoja kutoka dirishani. Hujishikiza kwenye kuta, nguo, mbao na vumbi, kisha huachiliwa kidogo kidogo, na joto na unyevu huzichochea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado nchini Marekani walichapisha katika jarida la Science Advances matokeo ya jaribio lao, ambalo waliingiza moshi ndani ya nyumba iliyojengwa kwa ajili ya utafiti wakapima kilichofuata. Mashine za kusafisha hewa zilipunguza gesi hizo wakati zinafanya kazi, lakini zilipozimwa gesi zilipanda tena, kwa kuwa hazina yake ilikuwa kwenye kuta, sakafu na vyombo. Kilichosaidia kwa kudumu ni kufyonza vumbi, kufuta na kupiga deki. Jimbo lile lilikuwa na sababu ya kuuliza swali hilo: moto wa Marshall wa tarehe 30 Desemba 2021 uliteketeza majengo zaidi ya 1,000, na watu wengi ambao nyumba zao zilisalimika walirudi wakakuta moshi na majivu yameingia ndani.

Nyumba zao ni za mbao na zimefungwa kila upande, zetu ni za matumbawe na chokaa, na ndiyo maana ushauri wao hauwezi kuchukuliwa wote kama ulivyo. Nyumba ya kale ya Lamu hupumua kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, na wazee waliweka jiko ghorofa ya juu kabisa ili moshi wa kupikia uondoke bila kupita vyumbani. Moshi unaoingia kutoka nje haukukadiriwa katika mpango huo. Huo huingia kwa kiwanda kile kile kinacholeta hewa. Kwa hiyo moto ungali unawaka, chumba cha kukimbilia ni cha ndani kabisa, ambacho kina matundu machache. Fungeni milango, wekeni nguo chini ya kizingiti, msipike wala kuwasha udi humo, na kama uwezo upo wekeni mashine yenye kichungi cha HEPA, ambacho hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3. Asiye na uwezo huo anaweza kufungia vichungi kwenye feni ya kawaida, jambo lililoenezwa tangu mwaka 2020 na Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, na ambalo fundi yeyote wa umeme atalielewa akionyeshwa picha. Leso iliyofungwa puani haizuii chembe hizo. Barakoa ya N95 huzizuia, mradi ibane vizuri usoni.

Hewa ya nje ikishatakata, fungua kila kitu, kisha anza juu ushuke chini. Feni za dari zifutwe kabla ya kuwashwa, kwa sababu masizi hukaa juu ya mapanga yake, na feni ikizunguka huyarusha chumba kizima. Boriti zinahitaji subira. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko hazifiki mbali, na kati ya boriti na boriti mna mawe yenye uso mkavu na vijishimo, ambamo masizi hujificha. Tumia burashi laini ya rangi na mashine ya kufyonza vumbi ikiwezekana. Ufagio wa chelewa uwekwe kando, kwani huinua vumbi jembamba likaelea kwa saa kadhaa.

Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ndizo zilizonichukulia muda mwingi kuliko kitu chochote, na sijutii. Kila kidaka kina ukingo uliochongwa katika chokaa, mistari na vifundo vyembamba ambavyo kitambaa hakiwezi kuvifuata, na masizi yaliyolala humo huonekana kama kwamba mtu amepitisha kalamu ya wino katika kila mchoro. Kosa kubwa hapo ni kitambaa chenye maji. Chokaa ina vitundu, na maji huyasukuma masizi ndani ya vitundu hivyo yakawa doa la kudumu. Nilikanda donge gumu la unga wa ngano, chumvi na maji machache, lisilonata mkononi, nikalibandika taratibu juu ya michoro na kulibandua bila kusugua, na kila lilipobanduka lilikuja na weusi, mstari mweupe ukaonekana nyuma yake. Njia hii si yangu. Marekani, enzi za kupasha nyumba joto kwa makaa ya mawe, donge la namna hiyo liliuzwa kwa ajili ya kuondoa masizi kwenye karatasi za ukutani, na baadaye, mwaka 1956, ndilo lililogeuzwa kuwa kitu cha watoto kuchezea kiitwacho Play-Doh. Likishakuwa jeusi litupwe, na mabaki yote ya unga yapigwe burashi kabla hayajaita sisimizi na kuvu.

Siki na ndimu, ambazo kila anayetoa ushauri huzitaja, zisiguse kuta hizo. Matumbawe na chokaa ya ukutani ni kabonati ya kalisi, na asidi huila kalisi hiyo. Utaona povu dogo, na povu hilo ni ukuta wako unaoyeyuka. Kwa vigae, saruji, milango na viti vilivyopakwa vanishi, maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo yanatosha, yakibadilishwa mara kwa mara. Anayependa klorini kwa sakafu asiichanganye kabisa na siki wala na dawa yenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Mashine za ozoni, zile za kuondoa harufu, pia ninazikataa, hata zikisifiwa vipi na wauzaji, kwa sababu ozoni hudhuru mapafu, na mtu mwenye pumu hana haja ya adha nyingine.

Nguo, mapazia na mashuka hufuliwa kwa sabuni na vijiko vichache vya soda ya bikaboneti, ile ya kuumulia keki, yakaanikwa siku ambayo hakuna moshi, na yasipigwe pasi mpaka harufu iwe imetoka. Chandarua chenye dawa kifuliwe kwa sabuni laini na kukaushwa kivulini. Vyandarua vya dawa ya kudumu vimetengenezwa vistahimili kufuliwa mara 20 hivi. Godoro la sufi lifumuliwe na kuanikwa, na la sponji lililokolea moshi mara nyingi halina dawa. Kitanda cha kamba nacho hushika harufu kwenye kamba zake, na heri kukisuka upya. Misahafu na vitabu vipigwe burashi kavu vikiwa vimefungwa, kutoka mgongo kuelekea nje, kisha viwekwe ndani ya sanduku pamoja na bakuli la bikaboneti lisilovigusa.

Chokaa mpya hupakwa mwisho, baada ya haya yote, na hapo ndipo ninapotofautiana na mafundi wanaotaka kuanza nayo. Ukipaka juu ya masizi, weusi utachungulia kabla ya mwaka kwisha. Ukuta utakate masizi yote, kisha ulowanishwe kidogo, upakwe chokaa nyepesi safu baada ya safu, kila moja ikiachwa ikauke. Chokaa iliyozimwa vizuri kwa maji huvunja nguvu za asidi zilizo katika moshi, nayo huvuta hewa ya ukaa ikarudi kuwa kalisi ileile ya ukuta. Rangi ya plastiki huziba unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, na baada ya misimu michache plasta huanza kubanduka vipande vipande. Adhuhuri ya siku yenye joto, ingia chumbani ukitoka nje na unuse ukuta kabla pua haijazoea. Harufu isipokuwapo, shangazi na awashe chetezo chake.

Watu wengi humaliza vyumba wakasahau dari ya juu, yaani paa bapa la nyumba na makuti yanayolifunika. Makuti yaliyokolea moshi hayafuliki, na kama yamekaribia kuchakaa ni afadhali yabadilishwe kabla ya mvua. Majivu yaliyolala juu ya sakafu ya darini yakusanywe yakiwa makavu, mkusanyaji akiwa amevaa barakoa, kwa sababu hayo yakinyeshewa hutelemka moja kwa moja hadi kwenye birika la kuhifadhia maji ya mvua. Mfereji unaopeleka maji birikani uzibwe, mvua ya kwanza ya masika iachwe ioshe dari na kumwagika nje, na ufunguliwe tu pale maji yatakapokuwa yanashuka meupe, bila weusi na bila ladha ya moshi.