Land Rover ya 1965 na Mafundi Walionitangulia

Siku niliyofunga betri niliwasha taa za mbele injini ikiwa imezimwa, nikainama kutazama mita ya ampea. Sindano ikaenda upande wa kuchaji. Nikachekelea kabisa. Baadaye kidogo akili ikarudi: dainamo, lile linalozalisha umeme, halizunguki, taa zinakula umeme, sasa betri inachajiwa na nani? Nikachomoa nyaya mbio.

Gari ni Land Rover Series IIA, ya petroli, lita 2.25. Land Rover za miaka ile zilikuwa na ethi chanya, yaani waya chanya wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Mimi nikafunga hasi, kama nilivyozoea kwenye magari ya siku hizi. Nilipona kwa sababu injini ilikuwa bado haijawaka. Ingewaka, huenda dainamo na regyuleta yake, inayodhibiti umeme wake, vingeungua. Sasa juu ya betri nimebandika kikaratasi chekundu: CHANYA KWENYE BODI. Mwanangu akipita anakisoma kwa sauti, makusudi.

Kosa hilo ni langu. Mengine yote nimeyarithi. Kila ninapofungua namkuta mtu aliyepita kabla yangu, na wawili nimeshawapa majina. Bwana Utepe yeye aliunga kila waya kwa kuusokota na kuuzungushia utepe mweusi, ambao kwa joto umeyeyuka ukawa kama lami vidoleni. Waya wa taa ya nyuma una rangi tatu kabla haujafika kwenye taa.

Bwana Puti ni hatari zaidi. Nilikuwa nagongagonga chasisi kwa nyundo ndogo, inalia vizuri, mpaka nilipofika nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto, mlio ukafa. Nikakwangua rangi nikakuta puti, ile ya kuziba matundu kabla ya kupaka rangi. Nyuma ya puti kulikuwa na gazeti lililokunjwa, na nyuma ya gazeti hewa tupu. Bodi ya gari hili ni aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana mnunuzi huiona inang'aa akadhani kapata gari zima. Chasisi ni chuma. Na pale chuma kinapogusana na aluminiamu, maji yakiingia katikati, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Nilishusha tangi la petroli nikalipeleka mbali, nikakata hadi kwenye chuma kizima, kisha nikachomelea bati la milimita 2. Kazi ya kuchosha, kulala chali cheche zikiingia kwenye kola, lakini hiyo nilitaka niifanye mwenyewe ili nijue kilichomo.

Injini nayo ilikuwa imekamata. Nilitoa plagi zote nne, nikamimina kwenye kila silinda mafuta mepesi ya kulainisha kutu, nikaacha. Kila jioni naingiza hendeli mbele, naegemea kidogo tu, basi. Ukilazimisha, ringi za pistoni zinavunjika, na hapo unashusha injini nzima. Siku ya tisa hendeli ikasogea upana wa kidole. Nikairudisha nyuma, nikaisogeza tena, hadi ikazunguka. Nikamwaga oili yote chini, maana yale mafuta mepesi yalikuwa yamepenya hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, nikapima nafasi ya valvu kwa geji ya 0.25 mm, nikasafisha kontakti za distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, kwa msasa laini.

Ikawaka jana. Ikakohoa moshi wa bluu, ikatulia, ikaendelea kuunguruma dakika kumi. Sikuitoa hata hatua moja, kwa sababu silinda za breki kwenye magurudumu ya nyuma bado zimeganda.

Mwanangu akataka kupiga honi kusherehekea, honi kimya. Waya ulikuwa umekatika na nyaya mpya ziko ndani ya nyumba. Nikausokota pale pale, nikauzungushia utepe mweusi. Wa muda tu, nitaubadilisha.