Simu ya kioo kilichopasuka, sasa ni seva ya nyumbani

Kwenye simu hiyo ya Android nilisakinisha Termux (programu ya kuandika amri za Linux) kutoka F-Droid (duka la programu huria), nikaweka openssh (zana ya kuingia kwenye kifaa kutoka kifaa kingine kupitia mtandao), nikaandika sshd ili kuiwasha, kisha nikaingia kutoka kwenye kompyuta kupitia poti 8022. Raha iliyoje! Lakini skrini ikizima tu, dakika chache baadaye muunganisho unakata. Siku mbili nzima nikaisumbukia ruta bure, kumbe simu yenyewe ilikuwa inailaza programu ili kuokoa chaji.

Dawa ilikuwa amri moja, termux-wake-lock, inayoizuia simu isilale, pamoja na kuiondolea Termux vizuizi vya betri kwenye mipangilio. Nikaongeza programu-nyongeza ya Termux:Boot na skripti fupi (faili la amri) ndani ya folda ya ~/.termux/boot, ili simu ikizimika na kuwashwa, sshd iamke yenyewe.

Umeme ukikatika, betri inaibeba. Kila jioni napapasa mgongo wa simu; dalili yoyote ya kuvimba, naizima.